Maziwa Ndani ya Boila

Jumamosi, 13 Aprili

Velma, mke wa mwanangu Mokaya, ameniletea daftari hili kutoka Londiani. Niandike kila siku nilichofanya, anasema, "ili akili ifanye mazoezi, Mama." Velma ni nesi, na manesi wana namna ya kukutukana huku ukidhani wanakukanda mgongo. Haya, naandika. Naitwa Bilhah Nyamweya, nina miaka sitini na minne, nimefanya kazi miaka ishirini na tisa kwenye kiwanda cha chai, kumi na mmoja ya mwisho kwenye boila, na leo ni Jumamosi. Akili imeshatoka jasho? Tuendelee.

Jambo lenyewe ni hili. Wiki hii nilienda Nyamira siku tatu kumzika shangazi. Ufunguo nikamwachia Mokaya, maana alisema ana safari ya Kericho na atapita hapa kulisha kuku. Niliporudi Alhamisi nikakuta mashine yangu ya kahawa imekufa. Nilibonyeza kitufe, pampu ikanguruma, tone la maji halikutoka, na jikoni kote kukanuka maziwa yaliyoungua. Nikachomoa tangi la maji. Kwenye kona zake kulikuwa na utando mweupe. Maziwa! Kwenye tangi la maji! Afadhali ningekuta kuku ametagia humo.

Nikampigia Mokaya. "Uliingia ndani?"

"Hapana, Mum. Nililisha kuku tu, nikaenda zangu." Kisha akasema, "Mum, si utakuwa uliyaweka wewe kabla ya safari, ukasahau?"

Na mimi, badala ya kumkatiza, nikaanza kufikiri. Februari niliacha gesi inawaka nikaenda sokoni. Machi nilimwita mjukuu wangu kwa jina la mbwa wa jirani. Mokaya ameyaweka yote hayo kichwani, na tangu mwaka jana ananiambia nihamie kwake Londiani, kwenye chumba cha nyuma, na nyumba yangu ipewe mpangaji. Kila mara nimekataa. Jana alipiga simu akiwa na kaka yangu Onyiego kwenye laini, akasema familia ikae Siku ya Madaraka, tarehe moja Juni, tujadili "hali ya Mum". Hasira ikanipanda. Nikasema, "Ikijulikana kweli ni mimi niliyetia maziwa kwenye hiyo mashine na sikumbuki, nitafunga mizigo yangu mwenyewe bila kusukumwa."

Nilisema kwa hasira, lakini nimesema, na Onyiego alisikia.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimetoa kifuniko cha mashine, skrubu sita. Nimeziweka kwenye sahani kwa mpangilio wake, kama tulivyofanya kiwandani. Mtu aliyepoteza akili hapangi skrubu.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 18 Aprili

Wanaoniuliza kwa nini mzee wa chai ananunua mashine ya kahawa, jibu ni hili, niandike mara moja nipumzike. Baba yangu kule Nyamira alikuwa na miti mia mbili ya kahawa. Tulichuma nyekundu nyekundu mpaka vidole vikapasuka, tukabeba magunia kwa mgongo hadi chama cha ushirika, na nyumbani tukanywa chai. Hata siku moja hakuna mtu kwetu aliyeonja kahawa. Hatukujua hata inapikwaje. Nikaolewa huku, nikaingia chai, nikalala na harufu ya chai, nguo zangu zikanuka chai hata mume wangu Nyamweya akawa ananitania kwamba nikizikwa nitachipua. Siku ya kustaafu wakanipa flaski na pakiti tatu za majani. Nikagawa zote. Nikaenda mjini nikanunua mashine iliyotumika, ya chuma, ya nyumbani, ya mkono mmoja, na kahawa nikaagiza kwa mkulima wa Kipkelion. Naikaanga mwenyewe kwenye sufuria. Majani ya chai hayajaingia nyumba hii tena, na sukari pia, tangu daktari anikataze.

Ni kikombe kimoja tu asubuhi. Lakini ni changu, na nimekisubiri miaka sitini.

Jumapili, 21 Aprili

Kanisani mama mmoja ameniuliza kama "ile dawa ya wazungu", ndiyo mashine yangu, imeshaharibika. Nimemwambia itapona kabla ya goti lake. Mvua imetukuta njiani.

Jumatano, 24 Aprili

Nimefika kwenye boila. Ni kadogo, kanaenea kwenye kiganja, ndugu mdogo kabisa wa lile lililokuwa likinguruma mbele yangu kiwandani. Ni vipande viwili vya shaba vimefungwa kwa boliti nne na raba katikati. Nikizifungua hizo boliti raba itachanika, na raba mpya niliyoagiza Nairobi haijafika. Fundi wa simu pale stejini ameniambia nitupe ninunue nyingine. Kila mtu siku hizi ni bingwa wa kutupa.

Sitaifungua. Nitaisafisha kupitia tangi.

Jumamosi, 27 Aprili

Leo nimeharibu.

Asubuhi nilikamua ndimu kumi na mbili, nikachanganya na maji, nikamimina kwenye tangi, nikawasha. Nilijua ndimu inatoa ukoko wa chumvi kwenye birika, kila mwanamke anajua. Pampu ikavuta, ikavuta, halafu sauti ikabadilika. Ikawa nyembamba, kama mtu anayekabwa. Nikazima haraka. Nikajaribu tena baada ya saa moja. Hakuna. Hata ule mvuke mdogo uliokuwa ukitoka kwa bomba la pembeni sasa hautoki.

Nikakaa kwenye kiti nikauliza, Bilhah, maziwa yakikutana na ndimu yanafanya nini? Mtoto wa miaka sita angejibu. Yanaganda! Kama kulikuwa na maziwa humo ndani, nimeyageuza jiwe kwa mkono wangu. Miaka kumi na mmoja nilikuwa nasoma geji, nafungua valvu, nasikia kwa sikio tu kama boila lina kiu, na vijana wenye vyeti walikuwa wananiita niwasikilizie. Leo nimeshindwa na ndimu.

Basi hofu ikaingia. Ikiwa nimesahau hili, kwa nini nisiwe nimesahau lile? Nimejaribu kujiona nikimimina maziwa. Nimefunga macho nikajaribu: pakiti mkononi, mkasi, tangi wazi. Na jambo la kutisha ni kwamba nimejiona! Nilipojaribu kwa nguvu, picha ilikuja. Sijui kama ni kumbukumbu au nimeitengeneza. Nimelia, naandika wazi, maana daftari ni langu. Nimemwomba Mungu achukue magoti, achukue macho, meno yenyewe alishachukua, lakini kichwa aniachie.

Jumapili, 28 Aprili

Sikwenda kanisani.

Jumatano, 1 Mei

Mvua ya mawe jana. Chai ya jirani yangu Kipsang imechanwa kama imepita mdomoni mwa fisi, na yeye amekuja tu na maziwa yangu ya nusu lita kama kawaida, anacheka. Kipsang ana ng'ombe wanane na mashine ya kukamulia. Nilimweleza habari ya ndimu kwa sababu sikuwa na mtu mwingine.

"Mama Mokaya," akasema, "wewe umetengeneza mala, hiyo maziwa ya kuganda, ndani ya chuma."

"Usinicheke, Kipsang."

"Sicheki. Mimi pia nilifanya hiyo makosa mwaka ya kwanza. Maziwa haitolewi na kitu chachu. Kwanza ni sabuni kali, ile ya mitungi, ndio itoe mafuta. Hiyo chachu inakuja mwisho. Na kama imeziba kabisa, hakuna njia ya mkato. Fungua."

"Nikifungua raba itakufa."

"Raba!" Akaenda kwake kwenye mvua, akarudi na raba ya kifuniko cha mtungi wa maziwa, nyeupe, nene, safi. "Kata hapo. Hiyo haina sumu. Wewe si ulikuwa boila?"

Nilikuwa boila. Nimesimama wima leo mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Ijumaa, 3 Mei

Stima hakuna. Mlingoti wa umeme umeanguka njia ya Sigowet.

Jumatatu, 6 Mei

Stima hakuna. Nimetia mafuta kwenye zile boliti nne. Zimeshikana kwa kutu, zinataka subira.

Mokaya amepiga simu. Amepaka chumba rangi, ati ya samawati, ati napenda samawati. Sijawahi kupenda samawati. Kisha akauliza kwa upole, "Mum, umeshakumbuka ile siku ya maziwa?" Nikasema bado. Akasema, "Usijilaumu. Ni umri." Ana sauti nzuri mwanangu, angeweza kuwa mhubiri. Huwa nikiweka simu chini najiona nimezeeka miaka mitano.

Jumamosi, 11 Mei

Velma amekuja peke yake, na viazi na karatasi za hospitali. Nikajua leo ni mtihani. Akanisomea maneno kumi niyarudie baada ya muda, akanichoresha saa, akanifanya nihesabu kurudi nyuma kutoka mia kwa saba saba. Nilimaliza nikamuuliza kama na yeye anaweza. Alikwama kwenye sabini na mbili!

Maneno nilirudia tisa. Akaangalia karatasi zake muda mrefu.

"Mama, hapa mimi sioni shida."

"Basi mwambie mume wako."

"Nitamwambia. Lakini sitakudanganya, hii karatasi haijui habari ya maziwa. Mtu anaweza kupita hapa na bado awe amesahau kitu kimoja kikubwa."

Nilitaka kumchukia. Nilikuwa na sababu, nimekuwa nikizikusanya tangu harusi. Lakini huyu msichana amesafiri na mvua kuja kuniambia ukweli wote, ulio mtamu na ulio mchungu, na hakulainisha hata mmoja. Nimempikia ugali. Akaosha vyombo bila kuambiwa, akazigusa zile skrubu kwenye sahani na kidole kimoja, hakuharibu mpangilio.

Jumanne, 14 Mei

Boliti moja imekubali.

Alhamisi, 16 Mei

Tatu. Ya nne ina kiburi kuliko mimi.

Jumamosi, 18 Mei

Ya nne imekubali saa nne asubuhi. Nililipasha moto boila kidogo kwa mshumaa, nikagonga spana mara mbili, ikalia, ikazunguka.

Sasa niandike polepole, kwa mpangilio, maana hili ndilo lililonifanya ninunue kalamu mpya.

Nilitenganisha vile vipande viwili juu ya gazeti. Raba ikachanika kama nilivyojua. Ndani kulikuwa na maziwa yaliyoganda, hayo ya ndimu, nikayatoa kwa kijiko. Chini yake, kuzunguka ile koili inayopasha moto, kulikuwa na kitu cheusi, kigumu, kinachong'aa. Nikakikwangua. Kilivunjika kama peremende. Nikakiweka ulimini. Sukari! Sukari iliyoungua.

Nikaacha kila kitu nikaenda kuangalia mvua dirishani. Sukari haimo nyumba hii. Nikarudi.

Nikachukua ule mpira mwembamba unaovuta maji kutoka kwa tangi. Mwisho wake una kichujio kidogo kama kucha ya mtoto. Nimekipita mara ngapi mwezi huu nikidhani ni kichafu tu? Nikakigonga juu ya karatasi nyeupe. Zikaanguka chembe nyeusi, ndogo, za mviringo. Mimi kwa chembe hizo nimelisha watoto miaka ishirini na tisa, hata gizani kwa vidole ningezitambua. Majani ya chai. Na katikati ya majani, nyuzi nyuzi za manjano. Nikazinusa.

Tangawizi.

Mtu alikuja kwenye mashine hii akatia maji, maziwa, majani, sukari na tangawizi, vyote pamoja, vile tunavyotia kwenye sufuria huku kwetu, akabonyeza kitufe akangoja chai. Huyo si mimi. Sijaweka chai mdomoni mwaka wa nne huu.

Nilicheka. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikashika meza, nikasema kwa sauti, "Asante Yesu, kichwa changu kipo!" Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu nilijua ni chai ya nani. Kulikuwa na mtoto mmoja mwenye kifua kibovu kwenye nyumba za kampuni, usiku wa baridi anakohoa, na mama yake akamzoesha chai ya tangawizi, sukari nyingi ili aimeze. Mtoto huyo sasa ana miaka arobaini na anauza viazi, na haamini chai ya hoteli. Kwenye gari lake kuna kikapu: majani, sukari, na kopo la tangawizi anayosagiwa na mke wake.

Kwamba aliharibu mashine, hilo si kitu. Angeniambia tungecheka wote mwaka mzima. Lakini alinisikia nikisema pengine ni mimi. Alinisikia, na akaniambia ni umri.

Jumapili, 19 Mei

Sijampigia. Sitampigia. Aje Madaraka na maneno yake.

Alhamisi, 23 Mei

Sabuni kali ya Kipsang imefanya kazi. Shaba inang'aa. Leo nimekata raba. Hakuna kupima kwa macho: unalaza raba juu ya chuma, unagonga ukingo na nyundo ndogo polepole mpaka chuma chenyewe kiikate. Nilijifunza kwa kutazama, maana miaka ile hakuna aliyedhani mwanamke anafaa kufundishwa.

Jumapili, 26 Mei

Raba ya kwanza imevuja. Nimekata ya pili.

Jumatano, 29 Mei

Nimekunywa kahawa. Chungu, nene, na povu la rangi ya udongo juu yake. Nimekunywa nimesimama mlangoni, mvua ikinyesha, na sikumsalimia mtu.

Jumamosi, 1 Juni

Walifika saa tano. Onyiego kutoka Nyamira na koti lake la mazishi, Mokaya na Velma kutoka Londiani. Kipsang nilimwita mimi. Mokaya akasema hili ni jambo la familia. Nikasema Kipsang ameniona siku nyingi mwaka huu kuliko familia, akae.

Onyiego akafungua kwa sala. Kisha Mokaya akasimama kwenye sebule yangu akaeleza hali yangu. Gesi. Jina la mtoto. Maziwa kwenye mashine. Akasema tunampenda Mum, tunataka apumzike, na yeye mwenyewe aliahidi. Onyiego akanigeukia. "Dada, ni kweli uliahidi."

"Niliahidi. Sikatai. Lakini kwanza mnywe kitu."

Nikaingia jikoni. Mashine ikanguruma vizuri. Nikawaletea vikombe vidogo. Onyiego akaonja, akakunja uso, akaonja tena. Ana miaka sabini, na kahawa ya baba yake hakuwahi kuionja. Mokaya hakugusa. Alikuwa anatazama mlango wa jikoni.

Ndipo nikaleta kisahani, chenye yale niliyoyakwangua. Sikumpa Mokaya. Nilimpa Velma.

"Wewe ni nesi. Niambie hiki ni nini."

Velma akavunja kipande cha kile cheusi, akanusa, akaonja ncha. "Hii ni sukari imeungua. Haya ni majani." Akazichukua zile nyuzi za manjano katikati ya vidole vyake, na nikaona uso wake ukibadilika. "Hii ni tangawizi. Mokaya, hii ni tangawizi yako. Mimi ndiye nimeisaga."

Mwanangu akakaa chini.

"Nilikuja na mtu," akasema. "Wa kuangalia nyumba. Alitaka kukodi, afungue duka la dawa. Mvua ikatushika. Nikaona aibu mgeni atoke hapa bila chai, na mtungi wa gesi ulikuwa umefungiwa chumbani." Ni kweli, niliufungia mimi kabla ya safari, baada ya ile ya Februari. "Nikaona hiyo mashine. Nikasema si inachemsha? Nikaweka kila kitu. Ilipokwama nikasuuza tangi tu."

Onyiego alicheka. Hakuweza kujizuia, mabega yakamtikisika. Kipsang akamfuata. Kisha wakaona uso wangu wakaacha.

"Mbona hukusema?" nikauliza.

"Ungeuliza nilikuwa hapa na nani."

"Na niliposema pengine ni mimi?"

Alitazama sakafu. "Ikawa rahisi, Mum."

Velma akaweka kisahani mezani, akahama kutoka karibu naye, akaja kukaa upande wangu.

Nikawaambia yote. Nikawaambia juu ya Jumamosi ya ndimu, nilivyofunga macho nikajitafuta nikimimina maziwa mpaka nikajiona nikimimina. "Ulinifundisha kukumbuka kitu ambacho sikufanya," nikamwambia. "Wiki tano nimeogopa kichwa changu. Nilikuwa naamka nahesabu majina ya wajukuu kabla ya kushusha miguu. Na wewe ulikuwa Londiani unapaka ukuta rangi." Sauti yangu ilikuwa kubwa na sikuipunguza. "Nyumba hii ni yangu. Siku nitakayochoka nayo nitasema mwenyewe, na kwa sauti hii hii. Kikao kimekwisha. Nani anaongeza kahawa?"

Onyiego aliongeza, kwa uoga.

Walipokuwa wanaondoka Mokaya alibaki nyuma, akanifuata hadi langoni. Mvua ilikuwa imepungua. Macho yake yalikuwa mekundu, na ni mwanangu, siwezi kuandika kwamba sikuumia. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Nisamehe, Mum. Tafadhali. Tusahau tu haya mambo."

Nikamwambia kusamehe nitajaribu, anipe muda. Kusahau, hapana.